Oda Iliyokosa Jaribio

Kama kulikuwa na kitu Inspekta Rosalia Mapunda alikichukia kuliko uongo, ni kuambiwa aisubiri kompyuta. Kiduara kidogo kilikuwa kinazunguka katikati ya kioo, kinazunguka tu, na binti aliyekaa mbele yake alikuwa anakitazama kwa subira ya mtu anayelipwa kwa mwezi.

"Kinazungukaga hivyo hivyo, afande," alisema Benedicta, karani wa uzalishaji. "Mfumo wenyewe haupo hapa. Upo mtandaoni, kwenye makompyuta ya watu huko Ulaya sijui wapi. Sie hapa Chanika tunauchungulia tu."

"Sasa kama haupo hapa, mie nimkamate nani?"

Benedicta alicheka. Alipoona afande hacheki, akarudisha macho kwenye kiduara.

Kesi yenyewe watu waliiita nyepesi. Najat, mwanamke aliyekuwa akiuza chapati Gongo la Mboto, alinunua jiko la gesi lililotoka kiwanda hiki. Siku ya kwanza kuliwasha, gesi ilikuwa inavuja kwenye kiungio cha bomba. Moto ukamshika, na hospitali ikashindwa kumrudisha. Kiwanda kikawapa polisi karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa mwongozo wa kazi, yaani jinsi jiko linavyotengenezwa hatua kwa hatua: kukata bati, kuunga mabomba, jaribio la uvujaji, rangi, kufungasha. Ya pili ilionyesha jina la aliyekamilisha kazi ya jiko lile. Nurdin Mbonde, fundi wa mabomba.

Nurdin akawekwa ndani. Kila alipoulizwa kwa nini aliruka jaribio, jibu lake lilikuwa moja: siku ile hatua hiyo haikuwepo. Karatasi ikasema ipo. Na karatasi ilikuwa na nembo, Nurdin alikuwa na kandambili.

Afande Kondo, mkuu wa upelelezi, alikwisha kuchagua wa kumwamini. Alitaka jalada lifike mezani kwake jioni hiyo, kesho yake Nurdin asomewe shitaka la kuua bila kukusudia. Rosalia ndiye pekee aliyekuwa bado anavuta miguu, na sababu yake alishindwa hata kuiandika: katika miaka yake ya kuhoji watu alikuwa hajawahi kuona mwongo anayerudia uongo uleule bila kuuongezea chumvi.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Allen, meneja uzalishaji, shati limepigwa pasi hadi kwenye mikono, kitambulisho kinaning'inia shingoni.

"Afande, karibu tena," alisema. "Tulidhani tumeshamalizana."

"Nami nilidhani hivyo."

"Kila kitu tulikupa. Mwongozo upo, jina lipo. Mfumo huu haudanganyi, afande. Anayedanganya ni binadamu."

"Na mfumo anauandika nani, malaika?"

Allen akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Nikueleze kwa lugha rahisi. Mwongozo wa kazi ni kama kanuni ya mapishi. Kutokana na mwongozo tunatoa oda za kazi. Oda inakwenda kwa mafundi, wanafuata hatua, kila hatua wanabonyeza kwamba imekamilika. Nurdin alibonyeza. Hakupima. Mimi hapo nifanyeje?"

"Nipeleke wanapobonyezea," Rosalia alisema, akasimama. Kiduara akakiacha kiendelee na safari yake.

Karakana ilikuwa banda refu la bati lililohifadhi joto kama chungu kilichofunikwa. Katikati, kwenye nguzo, kulikuwa na kishikwambi kimoja kilichofungwa kwa mnyororo wa baiskeli. Allen alipigiwa simu na wakala wa kuuza majiko, akabaki nyuma akibembeleza. Rosalia akasimama kando ya nguzo, akatazama.

Fundi wa rangi, kijana mrefu aliyejifunga kitambaa puani, alimaliza kupuliza jiko, akajifuta kidole kwenye ovaroli, akaja akabonyeza kioo. Kioo kikaandika kwamba hatua ya rangi imekamilika. Chini yake kikaandika jina: Nurdin Mbonde.

Rosalia akasoma. Akasoma tena.

"Unaitwa nani wewe?"

"Jamali, afande."

"Nurdin yuko wapi?"

Jamali akashusha kitambaa. "Si mko naye nyie?"

"Tunaye. Sasa mbona amepaka rangi hapa?"

"Aa, hiyo." Jamali alicheka kwa aibu. "Jina la Nurdin ndilo linalofungua. Kila jina kwenye mfumo linalipiwa, ofisi ikasema yaliyopo yatatosha. Basi sie wote humu ni Nurdin."

"Wote?"

"Hadi dada wa kufungasha. Mwezi uliopita mwenyewe alikwenda msibani kwao Rufiji. Huku nyuma alitengeneza majiko kuliko sie tuliobaki."

"Na mkamwacha akamatwe kwa sababu ya jina lake kwenye hiki kidubwana."

Jamali akaacha kucheka. "Afande, hakuna aliyetuuliza. Askari walikuja na karatasi, wakauliza Nurdin ni yupi, tukamwonyesha."

Rosalia alitoka nje ya banda, akampigia mkuu wake.

"Afande Kondo, mahabusu Nurdin yuko?"

"Yupo. Nimempita sasa hivi anakunywa uji."

"Huku kiwandani ametoka kupaka majiko rangi."

"Rosalia, umekula?"

Akamweleza. Kondo alisikiliza, akakohoa, akasema, "Sawa, jina wanalitumia wengi. Tuseme si yeye aliyebonyeza. Lakini fundi wa mabomba ni yeye, na jaribio ni la fundi wa mabomba. Mwongozo unasema lifanyike, halikufanyika, mama wa watu amezikwa. Ukiniletea jalada lisilo na mtu, mie nitamwandika nani, kishikwambi?"

"Nipe hadi jioni."

"Jioni ndiyo niliyokupa asubuhi."

Akakata simu. Rosalia akarudi ndani, jasho na hasira vikimtiririka kwa pamoja, akamwita Jamali.

"Nionyeshe jaribio linavyofanywa."

"Kiungio kinapakwa maji ya sabuni kwa brashi, gesi inafunguliwa kidogo. Povu likichemka, jiko linarudi kuungwa upya. Zamani tulikuwa tunalizamisha lote kwenye sinki, na pampu ya upepo. Brashi ndiyo tunayotumia tangu meneja aliporudisha..."

Akakomea hapo.

"Aliporudisha nini?"

"Mie fundi rangi, afande. Nikianza kueleza mambo ya mabomba nitakudanganya."

"Hilo sinki liko wapi?"

Jamali akaonyesha kwa kidevu. Pembeni mwa meza ya mabomba palikuwa na alama ndefu sakafuni. Sakafu yote ya banda ilikuwa imejaa vumbi la rangi nyekundu, gumu kama ganda. Pale penye alama, wekundu ulikuwa ndio kwanza unaanza kushika.

Allen alikuwa ameshamalizana na wakala wake. Alipoona afande anatazama sakafu, alikuja haraka kuliko alivyotembea asubuhi.

"Sinki lilitoboka," alisema kabla hajaulizwa. "Liko kwa fundi wa kuchomelea, hapo ng'ambo ya barabara. Ndiyo maana kwa sasa wanatumia brashi. Ni njia inayokubalika kabisa."

"Lilitoboka lini?"

"Siku hizi hizi tu."

Rosalia alivuka barabara. Fundi wa kuchomelea, Mashaka, alikuwa amechuchumaa chini ya geti la mtu, miwani myeusi usoni. Aliulizwa habari za sinki, akazima mashine.

"Sinki la kiwandani? Halikutoboka lile. Nililitoboa mwenyewe. Niliambiwa nitie bomba la kumwagia maji, niliache zuri, maana linakwenda kwa mama."

"Mama yupi?"

"Bi Chausiku wa jikoni. Kwani mama wangapi wana amri pale?"

Jiko la kiwanda lilikuwa nyuma, chini ya makuti, na bwana wa mahali hapo hakuwa Allen. Bi Chausiku alikuwa Mzaramo wa kuzaliwa hapo hapo, mtu mzima mwenye kanga mbili na mwiko mmoja. Mbele yake lilikaa sinki refu la bati, safi, limejaa sahani na povu la sabuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kuna wali na mchicha."

"Nitakula baadaye, mama. Nimekuja kuuliza habari za sinki hili."

Mwiko ukasimama hewani. "Mie sijaiba."

"Sijasema umeiba."

"Watu wa serikali wakija wanaanzaga hivyo hivyo, hawajasema."

"Nataka kujua tu lilifikaje hapa."

Bi Chausiku alimpima kwa macho, akaona kitu kilichomridhisha, au pengine alichoka kusimama. Akakaa kwenye kibao.

"Nimelilia sinki miaka. Sahani za watu wote hawa naosha kwenye ndoo, mgongo umekufa. Siku hiyo akaja Allen mwenyewe, na vijana wamelibeba. Akaniambia, mama, chukua, hatua ile nimeshaifuta kwenye kompyuta, halina kazi tena kule. Nikamwombea dua. Mpaka leo ninamwombea."

"Siku hiyo ilikuwa lini?"

"Kuelekea mfungo. Ramadhani yote nimeloweka maharage ya kufuturisha humo."

Rosalia hakuandika kitu. Jiko la Najat lilitengenezwa mfungo ukiwa umeshaingia. Wakala wa Gongo la Mboto alikuwa amelithibitisha hilo tangu siku ya kwanza, lilipokelewa likiwa na harufu ya rangi mbichi, watu wakigombania majiko ya futari.

"Na baada ya yule mama kuungua, hakuna aliyekuja kulitaka?"

"Alikuja Allen, anahema. Anasema, mama, lirudi leo leo. Nikamwambia maharage yangu yameshalowa, subiri kesho. Kesho hakuonekana." Aliangalia sinki lake, kisha akamwangalia afande. Sauti ikashuka. "Kwani lilikuwa la nini hili, mwanangu?"

"La kupimia majiko kama yanavuja."

Bi Chausiku aliiweka chini sahani aliyoishika.

Ofisini, kiduara kilikuwa kimechoka kuzunguka na mfumo umefunguka. Allen alikuwa ameegemea kabati, mikono kifuani. Rosalia alivuta kiti, akakaa ubavuni mwa Benedicta.

"Nifungulie mwongozo wa kazi."

Benedicta akafungua. Hatua tano, ya tatu ni jaribio la uvujaji.

"Unatumika tangu lini?"

"Umeandikwa Januari, afande."

"Unaona," alisema Allen.

"Naona. Sasa nifungulie oda. Ile oda yenyewe liliyotokea jiko la Najat."

Benedicta alisita, akamtazama bosi wake.

"Ni kitu kilekile," alisema Allen. "Oda inafuata mwongozo. Ukishaona mwongozo umeona oda."

"Ndiyo nataka niione inavyofuata."

Binti akabonyeza. Kiduara kikajitokeza tena, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Rosalia hakukionea uchungu. Alimtazama Allen, na Allen alikitazama kiduara kama mtu anayekiomba kisiishe. Kikaisha.

Kukata bati. Kuunga mabomba. Rangi. Kufungasha.

Benedicta alihesabu kwa ncha ya kalamu, akarudi juu, akahesabu upya.

"Ya jaribio haipo," alisema polepole.

"Nifungulie oda ya leo."

Akafungua. Hatua tano, jaribio likiwa la tatu.

"Mama yangu alikuwa fundi cherehani Songea," alisema Rosalia, na sauti yake ilikuwa tulivu kiasi cha kutisha. "Alikuwa na vipande vya magazeti alivyovikata kwa vipimo, ndivyo alivyofuatisha kukatia vitambaa. Siku moja alikosea kipimo cha mkono. Akaja akakata gazeti jingine, zuri kabisa. Lakini gauni alilokwisha kukata jana yake, mkono ulibaki mfupi, na mwenye gauni alikuja nalo mlangoni. Oda yako ni kitambaa, Allen. Siku ilipotoka, ilikatwa kwa gazeti la siku ile. Wewe ulikwenda kukata gazeti jipya, ukaandika juu yake Januari, ukadhani na magauni ya watu yamejirefusha."

"Sijagusa kitu," alisema Allen. "Na huwezi kusema ni mimi. Umetoka kuona mwenyewe huko karakana, majina yanatumiwa na kila mtu. Anaweza kuwa Jamali. Anaweza kuwa huyu hapa."

Huyu hapa aliinua kichwa. Benedicta alikuwa binti mpole, lakini upole una mpaka, na mpaka wake ulikuwa umevukwa.

"Mwongozo haufunguki kwa jina la Nurdin," alisema. "Wala kwa langu. Unafunguka kwa lako tu, na paswedi yako hatuijui, bosi. Ulipokwenda Arusha tulikaa siku nzima bila oda, nikakupigia kukuomba, ukasema hiyo haigawiwi hata kwa mkeo."

"Nyamaza."

"Asinyamaze," alisema Rosalia. "Hata akinyamaza, Bi Chausiku hanyamazi. Ana sinki lako jikoni, ana maneno yako kama ulivyoyasema, na Mashaka ana tundu alilotoboa. Hayo hayapo kwenye mfumo, Allen. Hayo hata ukiyaandikia Januari hayabadiliki."

Allen alitoa kitambulisho shingoni, akakishika mkononi kana kwamba kilikuwa kinamkaba. Alipoanza kusema, lile tabasamu la upande mmoja halikuwepo.

"Mawakala walikuwa wananipigia usiku na mchana. Kila mtu anataka majiko kabla ya Ramadhani. Jaribio ndilo lililokuwa linachelewesha mstari mzima. Mafundi wetu ni wazuri, afande, karibu kila jiko lilikuwa linapita. Nikasema tuliondoe kwa muda tu. Nilikusudia kulirudisha baada ya Idi."

"Ulilirudisha baada ya maziko."

Allen aliinamia kitambulisho mkononi.

"Na Nurdin alipokuuliza sinki limekwenda wapi, ulimwambiaje?"

"Nilimwambia afuate oda."

"Akaifuata." Rosalia akasimama. "Benedicta, niandikie mawakala wote waliopelekewa majiko ya oda zisizo na jaribio, na uanze kuwapigia sasa hivi. Waambie lisiuzwe hata moja, na yaliyouzwa yafuatwe majumbani. Mtandao ukikukatalia, tembea."

"Sawa, afande."

"Allen, twende."

Kondo alisoma maelezo ya kukiri akiwa amesimama. Alipomaliza, akamtazama Allen kwenye benchi, kisha Rosalia, akasema tu, "Mtoe yule," akaingia ofisini kwake na kufunga mlango.

Rosalia alikwenda mwenyewe mahabusu. Nurdin alitoka akikunja macho kwa mwanga wa jioni, fulana imegandamana mgongoni, ndevu zimeota bila mpango. Akapewa mkanda na simu yake iliyozimika. Alivikagua kimoja kimoja.

"Unaweza kwenda, Nurdin. Hatua haikuwepo kwenye oda. Tumeiona."

"Mie nilisema."

"Ulisema."

"Nilisema siku ile mlipokuja kunichukua. Nikamwambia askari aliyeandika, nikakwambia na wewe. Maneno yaleyale."

"Ni kweli."

"Sasa leo ndio yamekuwa ya kweli?"

Rosalia alikuwa na majibu mengi ya kipolisi, na kila moja alilionja mdomoni likawa chungu. Akasema, "Gari lipo. Nikupeleke kwako."

Nurdin alifunga mkanda wake taratibu, tundu kwa tundu, hadi lile ambalo zamani hakulihitaji.

"Nitatembea, afande," alisema, akapita mlangoni bila kuaga.